Nani alipima kabla ya kuandika MBOVU?

Nyinyi wa mashirika ambao mnasoma hizi makala zetu kimyakimya bila kuacha hata neno, leo ninaongea zaidi na nyinyi.

Hapa kwetu Dzaleka kuna chumba cha shirika moja, jina nitaliacha, ambamo kompyuta 11 za mezani zimepangwa moja juu ya nyingine kama matofali. Kila moja imebandikwa kikaratasi chenye neno moja la Kiingereza, ambalo kwa lugha yetu ni MBOVU. Niliuliza watu watatu: nani alizipima? Wa kwanza alisema alizikuta hivyo. Wa pili alisema fundi wa mjini atakuja. Wa tatu ni kijana mwenzetu anayefanya kazi ya posho pale. Yeye alicheka, akasema: "Kaka, hakuna aliyepima. Zilikataa kuwaka tu."

Zilikataa kuwaka! Basi hiyo ndiyo hukumu nzima. Wewe ukienda kliniki na homa, muuguzi hakuandikii "mgonjwa" kwenye kadi halafu akakufungia stoo. Anakutoboa kidole kwanza, anaangalia malaria. Hakuna malaria, anatafuta kingine. Homa ni dalili, na "haiwaki" pia ni dalili. Nyuma yake kunaweza kuwa na kitu cha bei ya soda, au kitu cha bei ya kompyuta nyingine, na hakuna njia ya kujua mpaka mtu achukue bisibisi.

Na sisi wakimbizi, jamani, tunajua vizuri maana ya kuandikwa neno moja kwenye faili na mtu ambaye hakukuuliza maswali.

Msiseme huyu kijana anapigia kelele vyuma. Hapa Dzaleka watu wanasoma kozi za chuo kikuu kwa kompyuta tangu 2010. Kuna kaka na dada zetu waliopata vyeti wakiwa humuhumu kambini, bila kuvuka geti. Leo dada anayetaka kuomba skolashipu anaandika insha ya kurasa mbili kwa vidole gumba, kwenye simu ya kuazima yenye kioo kilichopasuka, na chumba chenye kompyuta 11 kiko hatua chache kutoka hapo, kimefungwa kufuli. Halafu ripoti inaenda kwa mfadhili: vifaa vimeharibika kutokana na matumizi. Matumizi ya nani? Yetu. Mwaka unaofuata mfadhili anauliza kwa nini alete vifaa kwa watu wasiojua kutunza.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na nitaisema mara moja tu. Mashine yoyote isiandikwe MBOVU kabla haijafunguliwa, ikapimwa kwa mpangilio, na aliyepima akaandika alichokiona pamoja na jina lake. Na watu wa kufanya hiyo kazi tuko nao hapahapa.

Sasa acheni nionyeshe kwamba kupima si uchawi. Kompyuta ya mezani ni vitu vichache ndani ya boksi la bati: pawasaplai, madabodi, prosesa, RAM, diski, feni, betri ndogo ya saa, na nyaya za kuviunganisha. (Lile boksi wengi wetu tunaliita CPU. Tuache hiyo tabia. CPU ni prosesa yenyewe, kipande kidogo kilichojificha chini ya feni, na ndicho kinachokufa kwa nadra kuliko karibu vyote.) Vitu hivi havifi vyote siku moja. Kikifa kimoja, vingine vinakaa vinamsubiri.

Unaanza na umeme, kwa sababu nyingi za hizo "maiti" zina njaa tu. Soketi ya ukutani ina umeme? Chomeka chaja ya simu uone. Waya wa umeme ni mzima? Chukua wa monita ujaribu nao, mara nyingi ni uleule. Nyuma ya pawasaplai kuna swichi ndogo yenye alama ya 0 na 1. Mtu anafagia, ufagio unaigusa, inaenda kwenye 0, na kesho yake kompyuta "imekufa". Msicheke. Kuna mahali watu wameagiza fundi kwa jambo hilo.

Kisha kuna ile swichi nyekundu. Hii naomba wafanyakazi wa mashirika waisome mara mbili. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu nyuma yenye namba mbili, 115 na 230. Marekani wanatumia umeme wa volti kama 120, kwa hiyo kompyuta ikitoka ofisi ya kule, swichi iko kwenye 115. Malawi ni 230. Swichi ikiwa kwenye 115, saketi ya ndani inaongeza umeme mara mbili ili kufidia udogo wake. Sasa wewe umeipa 230 na yenyewe inaongeza mara mbili! Unasikia mlio kama wa risasi, harufu ya kuungua, moshi. Kapasita zimepasuka au fyuzi imekatika. Mashine imetembea bahari mbili kwa upendo wa wafadhili, ikafa sekunde ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyeinama kuangalia nyuma yake. Na katika ripoti itaandikwa nini? Matumizi. Lakini hata hapo, mara nyingi kilichokufa ni pawasaplai peke yake. RAM, prosesa na diski vinaweza kuwa vizima kabisa, vimelala stoo na kikaratasi kwenye paji la uso.

Umeme ukiwa sawa na mashine bado iko kimya, toa waya wa ukutani, fungua boksi, chomoa ile plagi pana ya pini 24 kwenye madabodi. Chukua klipu ya karatasi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote, halafu rudisha umeme. Feni ya pawasaplai ikizunguka, kuna uhai, ingawa feni peke yake si ushahidi wa kutosha. Leta mita, iweke kwenye DC. Waya wa njano usome karibu na 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini. Njano ikisoma 10.8, umeshampata mgonjwa. Waya wa zambarau unatakiwa kutoa volti 5 hata kompyuta ikiwa imezimwa, alimradi imechomekwa ukutani. Ukisoma sifuri, usipoteze muda kwenye RAM. Na namba zikiwa nzuri, rudia kupima pawasaplai ikiwa imeunganishwa na mashine, kwa sababu kuna zile zinazosimama vizuri mikono mitupu lakini zikibebeshwa mzigo zinaanguka. Tahadhari mbili. Baadhi ya Dell na HP, hasa zile ndogo, zina plagi zao wenyewe na rangi hizi haziwahusu. Kwa hizo soma kibandiko cha pawasaplai yenyewe kwanza. Na pawasaplai haifunguliwi. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kukaa na volti kama 300 hata baada ya kuchomoa. Unapima nyaya zinazotoka nje, basi. Asiyekubali sharti hilo asiguse.

Sasa ile hali ambayo ndiyo inayonikasirisha zaidi. Mashine inawaka, feni zinaimba, taa ipo, lakini kioo ni cheusi. Hapa ndipo kikaratasi kinabandikwa haraka kuliko pengine popote, na hapa ndipo mara nyingi hakuna kilichokufa. Hakikisha waya wa monita uko imara, na kama mashine ina kadi ya picha, waya uwe kwenye kadi, si kwenye madabodi. Halafu zima, chomoa umeme, toa RAM zote, washa tena bila RAM hata moja. Madabodi yenye spika italia pip pip pip, inalalamika kwamba haioni RAM. Watu wakisikia mlio huo wanaogopa. Ni habari njema! Maana yake prosesa iko hai, biosi iko hai, na madabodi ina akili ya kutosha kujua kinachokosekana. Zima, chomoa, chukua RAM moja, sugua ile sehemu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, pangusa uchafu wa kifutio, irudishe mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Washa. Kama bado, hamia nafasi ya pili. Kama bado, jaribu RAM nyingine. Ikinyamaza hata bila RAM, hapo ndipo unaanza kuishuku madabodi, na kabla ya hapo hakikisha spika ipo, kwa sababu mashine nyingine hazina. Hesabu ya milio ina maana yake, ila kila mtengenezaji ana lugha yake, na wengine wanaongea kwa taa ya kitufe cha kuwashia inayopepesa. Unahesabu, unaandika, unatafuta maana yake kwa simu. Ndiyo kazi yote.

Vumbi letu mnalijua. Kiangazi kinapoingia, mwezi wa 9 na wa 10, kila kitu kinakuwa chekundu, mpaka ndani ya sukari. Vumbi hilo linaingia kwenye boksi, linajaza mapezi ya ule mkungu wa alumini juu ya prosesa, feni inapuliza ukuta. Mashine inawaka vizuri, baada ya dakika kumi inajizima ghafla. Mtu anasema madabodi. Hapana, ni joto: prosesa inajizima yenyewe ili isiungue. Brashi ya rangi, kidole cha kushikilia feni isizunguke ovyo, na pasta mpya ya joto ikiwa ya zamani imekauka kama ugali wa juzi.

Na betri ya saa, ile CR2032, ya mviringo kama sarafu. Inatoa volti 3. Ikichoka, kompyuta inasahau tarehe kila inapozimwa, inarudi miaka mingi nyuma. Unajua kinachofuata? Tovuti karibu zote zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza hata kutumika. Kwenye kituo kimoja wiki tatu watu waliambiwa intaneti ya ile mashine imeharibiwa na virusi. Tarehe ilikuwa pale pembeni ya kioo, imekosea kwa zaidi ya miaka kumi, hakuna aliyeitazama. Betri hizo ziko sokoni kwetu, kwa wauza saa.

Hapa niongee na mafundi wenzangu pia, maana sitaki ionekane ubaya uko upande mmoja. Tuko na ugonjwa wetu unaoitwa kupiga Windows. Mashine ni nzito? Piga Windows. Inajizima? Piga Windows. Inatoa kioo cha bluu? Piga Windows, elfu kadhaa za kwacha, rudi wiki ijayo tupige tena. Ndugu, kama RAM ina kasoro au diski inakufa, unaweka shuka jipya juu ya kitanda kilichovunjika mguu. Diski inasema yenyewe hali yake kwa njia inayoitwa SMART. Kuna programu za bure zinazosoma, hata kutoka kwenye flashi ya Linux bila kugusa Windows. Ukiona namba ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa inapanda, acha kila kitu, toa faili za mwenyewe kwanza. Ukisikia diski inagonga tik, tik, tik, vilevile. Kumpigia mtu Windows juu ya diski hiyo ni kumfutia picha za marehemu mama yake na kumtoza pesa. Na wale mnaosema "madabodi imekufa" kwa kila msichokijua, nyinyi na mwenye kikaratasi ni watoto wa mama mmoja.

Lakini hata tukiwa na mafundi wabaya, lawama ya kwanza kwa mtumiaji ni ya zamani na ni ya dunia nzima. Ndani ya madabodi kuna vikopo vidogo vilivyosimama, ndizo kapasita. Kichwa cha kikopo kinatakiwa kiwe bapa. Kikivimba au kikivuja uchafu wa kahawia, kimekufa. Miaka ya 2000 mwanzoni kapasita mbovu ziliingia kwenye kompyuta za makampuni mengi. Mwaka 2010 gazeti la The New York Times liliandika kuhusu nyaraka za kesi moja Marekani: Dell ilikuwa imesambaza kompyuta zisizopungua milioni 11.8, kati ya Mei 2003 na Julai 2005, zilizokuwa katika hatari ya kuharibika kwa sababu ya vipuri hivyo. Idara ya hesabu ya Chuo Kikuu cha Texas iliona kompyuta zake zinakufa, ikalalamika. Ikajibiwa kwamba imezichosha mashine kwa kuzipa hesabu ngumu.

Watu wa hesabu wameambiwa wasipige hesabu! Sasa kama profesa wa Texas anajibiwa hivyo, mtoto wa Dzaleka ambaye hajui hata nani wa kumlalamikia ataambiwa nini?

Najua majibu yenu ya mashirika, nimeyasikia yote. La kwanza: ni mali ya mfadhili, haiwezi kufunguliwa na mtu yeyote. Sawa. Je, mfadhili alileta ili zikae stoo? Muulizeni kwa barua pepe, mstari mmoja tu. Sijamwona bado mfadhili aliyekataa mashine yake itengenezwe.

La pili: vipuri vitaibiwa. Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu RAM ni ndogo na mfuko ni mkubwa, na si wote hapa ni malaika. Lakini RAM ina namba yake ya siri iliyochapwa juu, diski pia. Mnaandika namba kabla ya kufungua, mnaandika tena baada ya kufunga, watu wawili wanatia sahihi, mmoja wenu na mmoja wetu. Mnafanya hivyo kwa magunia ya mahindi, mtashindwa kwa RAM? Na stoo iliyofungwa miaka miwili bila orodha ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuiba.

La tatu: usalama, mtu akipigwa na umeme je. Ndiyo maana nimesema pawasaplai haifunguliwi, na boksi linafunguliwa likiwa limechomolewa ukutani. Mpigeni marufuku anayevunja sheria hiyo. Ila msituambie habari za hatari ya umeme huku mama zetu wanachaji simu kwenye nyaya zilizofungwa na mifuko ya plastiki.

La nne hawalisemi kwa sauti, linasemwa na bajeti. Fundi wa mjini ana mkataba. Lilongwe ni kama kilomita 45 kutoka hapa. Anakuja na gari, analipwa nauli na posho ya siku, anakaa saa moja, anagusa mbili, anasema zilizobaki zinahitaji vipuri, anaondoka. Simlaumu, ni kazi yake. Lakini kijana wa sokoni kwetu anayebadilisha plagi ya chaji ya simu kwa hitigani, akiunganisha vitu vidogo kuliko punje ya mtama, huyo hana mkataba na hawezi kuupata. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa na masharti yake juu ya kazi na juu ya kutembea, na mkimbizi anaishia kwenye posho, kama hata posho ipo. Hiyo sheria hamkuitunga nyinyi. Lakini nani anashika bisibisi ndani ya chumba chenu wenyewe, hilo mnaamua nyinyi.

Haki itendeke: kuna dada mmoja wa shirika lingine, Mmalawi, aliyetusikiliza. Alikubali mashine moja ifunguliwe mbele yake siku ya Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi. Alikaa kwenye kiti na daftari, akauliza maswali mazuri kuliko yetu. Kioo cheusi, feni zinazunguka. Tukatoa RAM, ikalia. Tukairudisha, kimya. Nafasi ya pili, ikawaka. Nafasi ya kwanza ya RAM ilikuwa imekufa, basi. Kabla ya saa sita ile mashine ilikuwa juu ya meza, na hakuna kilichonunuliwa isipokuwa maandazi. Dada yule aliandika kwenye kikaratasi: "Nafasi ya 1 haifanyi kazi, tumia ya 2," na tarehe. Linganisheni kikaratasi hicho na neno MBOVU.

Na hapa ndipo zile 11 zinaniumiza, kwa sababu ni za aina moja, umbo moja, mwaka mmoja. Fundi yeyote atakwambia mashine 11 za aina moja ni duka la vipuri. Huna haja ya kukisia: unachukua RAM ya hii unaijaribu kwenye ile, unabadilisha kitu kimoja kwa wakati, unaandika. Unapima pawasaplai kwanza tu, maana pawasaplai mbovu inaweza kuua RAM nzima uliyoiazima. Sisemi zote zitafufuka. Nyingine zimekufa kweli, na hizo nazo zina kazi: wanafunzi wajifunze kufungua juu ya maiti kabla ya kugusa mgonjwa.

Maana mafunzo yenu, naomba mnisamehe, ni yaleyale kila mwaka. Miezi mitatu ya Word na Excel, picha ya pamoja, cheti. Hakuna somo hata moja ambalo boksi linafunguliwa. Tunahitimu tukijua kuweka herufi nzito lakini hatujui kwa nini mashine haiwaki. Na sisi vijana tumechangia: kila mtu anataka kuwa programa, bisibisi tunaona ni kazi ya watu walioshindwa shule. Programu yako utaiandikia wapi, kwenye ubao?

Haraka yangu ina sababu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima haziwezi kupokea Windows 11 kwa masharti yake. Ofisi za Ulaya na Marekani zinazitoa. Nyingine zitageuka msaada na zitafika huku, pamoja na zile ambazo kweli ni takataka na mtu anataka tu kuondoa uchafu kwake. Tangu Januari 2025 Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme zipate idhini ya nchi inayopokea kabla hazijasafirishwa. Lakini kwenye karatasi takataka inaweza kuitwa msaada, na anayeweza kutofautisha ni yule anayeiwasha siku inapofika. Zikifika, swichi nyekundu iangaliwe kabla ya kuchomeka. Kila moja iwashwe mbele ya aliyeleta. Isiyowaka ipimwe wiki hiyohiyo na iandikwe ilikuja hivyo, ili mwaka ujao isiwe "matumizi". Na zilizo nzima ziwekewe Linux, zitafanya kazi miaka mingine kadhaa bila kumwomba Microsoft ruhusa.

Tuko vijana sita tulio tayari, wawili ni dada. Jumamosi yoyote, mbele ya mfanyakazi yeyote mtakayemteua, kwa zile 11. Bisibisi tuko nazo, brashi ipo, kifutio kipo. Mita tuko nayo moja na betri yake ya volti 9 imekwisha, kwa hiyo mwenye betri hata iliyotumika nusu aje nayo.